Unga Chini ya Mti

Kabla ya boma, kabla ya padri na kabla ya mtendaji wa kijiji, kibali cha jando katika nchi ya Masasi na Newala kilitolewa na unga. Mzee aliyetaka kuwaingiza watoto kumbini, yaani kwenye kambi ya jando, alichukua unga wa mtama, akaumimina polepole kwa ncha za vidole chini ya mti wa tambiko, mpaka ukasimama kama kichuguu kidogo chenye kilele. Wayao wanauita mbepesi. Ulimiminwa huku majina ya waliotangulia yakitajwa moja moja: mjomba, mjomba wa mjomba, bibi aliyeuzaa ukoo. Kisha ulifunikwa kwa chungu, watu wakaenda kulala. Alfajiri chungu kilifunuliwa. Kilele kikiwa kimesimama, wazee walio chini ya ardhi wameridhia. Kikiwa kimeporomoka, shughuli inasogezwa mbele, hata kama pombe imeshaiva na wageni wameshafika na mizigo yao.

Unga peke yake haukutosha. Mtu hakujenga kumbi kwa kuwa tu ana wapwa wengi. Haki ya kuita jando ilikuwa ya mwenye, yaani mkuu wa nchi, au ya mzee aliyepewa haki hiyo na mwenye, na haikutolewa bure. Kwa Wayao hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya ukubwa: aliyeruhusiwa kuchezesha jando na unyago alikuwa mwenye kweli, na aliyenyimwa alikuwa mtu wa chini ya mwenzake, hata awe na bunduki ngapi. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi tunatamka neno "mila" kana kwamba ni jambo la pembeni, la ngoma na kanga. Kumbi ilikuwa ibada, shule, tiba na serikali, vyote chini ya paa moja la nyasi.

Mtoto mwenyewe hakuulizwa. Baba yake naye hakuwa na kauli kubwa. Wayao, Wamakua na Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo aliyesema "mwaka huu huyu anaingia" alikuwa mjomba.

Tangu siku hizo kibali hicho kimepita mikono mingi. Wanasheria wakizungumza juu ya haki za mtu binafsi, uhuru wa dini na mamlaka ya dola, huanzia London, Geneva au Dodoma. Hapa chini ya uwanda wa Makonde, kuanzia Masasi hadi Lulindi na kupanda mpaka Newala, mambo hayohayo matatu yamegombaniwa kwa karne moja na nusu kwa swali la nyumbani kabisa: nani anaruhusu jando?

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, watu hamsini na ushee, wanaume kwa wanawake. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa miaka mitatu kabla, na misheni ilitaka kuwarudisha watu hawa karibu na Ziwa Nyasa, walikotoka wengi wao. Hawakufika. Walipopanda kutoka Lindi na kuiona ile miamba mikubwa ya Masasi iliyosimama peke yake bondeni, yenye ardhi nzuri miguuni, waliona pametosha. Wakajenga.

Kijiji kile hakikuwa na mwenye. Waliokijenga hawakuwa na mjomba wala kaburi la babu katika nchi ile. Walikuwa wamenyang'anywa vyote viwili. Nafasi ya mwenye ikajazwa na mapadri. Wamisionari waliokuja kuhubiri wakajikuta wanagawa mashamba, wanasuluhisha ugomvi wa wake na waume, na kuwaadhibu wezi. Hawakuwa peke yao katika mtego huo. Kwenye misheni ya Waskoti ya Blantyre, kusini mwa ziwa, mambo yalifika mpaka kuua mtu kwa risasi kwa hukumu ya wamisionari, na habari hiyo ilipochapishwa Uingereza mwaka 1880 ilizua kashfa kubwa. Freretown, karibu na Mombasa, kulikuwa na malalamiko ya watu kuchapwa viboko. Mtu aliyekombolewa kutoka kwa bwana mmoja alikuwa ameingia kwenye kijiji ambacho padri wake, hakimu wake na mwenye ardhi yake ni mtu yuleyule. Akikosana na mmoja amekosana na wote watatu.

Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi. Padri Chauncy Maples akahamishia kazi yake Newala, juu ya uwanda, karibu na Matola, mkubwa wa Kiyao aliyejulikana mbali. Huko hakuna aliyeweza kujifanya hakimu. Padri aliishi kwa ruhusa ya mwenye, akanywa maji ya mwenye, na jando lilipopigiwa ngoma, lilipigwa kwa kibali cha mwenye. Kwa maoni yangu uvamizi ule, pamoja na machozi yake yote, uliifundisha misheni adabu ambayo isingeipata kwa njia nyingine.

Aliyejifunza zaidi hakuwa Mwingereza. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyetekwa utumwani, akakombolewa, akalelewa na kusomeshwa na misheni Unguja, akapelekwa Uingereza kwa masomo ya dini. Mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika UMCA. Alifanya kazi Chitangali, kwa mwenye aliyeitwa Nakaam. Mfikirie padri huyo. Anakijua Kiyao kwa kuzaliwa, anaijua Biblia, na anakaa kwa mwenye ambaye heshima yake yote imeshikwa na unyago. Kulikataa jando mbele ya Nakaam kulikuwa sawa na kumwambia avue uenye wake auweke chini.

Na bado Kanisa lilikataza. Mkristo aliyempeleka mtoto kwenye jando la kienyeji, au aliyeshiriki matambiko yake, alitengwa na meza ya Bwana. Upande wa pili palikuwa na adhabu isiyoandikwa popote lakini kali zaidi. Asiyepita kumbi ni msungo. Awe na ndevu, awe mwalimu wa shule, ajue kusoma Kiingereza, kwa watu wake bado ni mtoto: hasemi barazani, haingii kwenye siri za watu wazima, na wasichana wanamcheka. Kijana wa Kikristo wa Masasi mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa na hiari ya kuchagua kati ya kuwa mtoto mbele ya ukoo wake na kuwa mkosefu mbele ya altare. Hiyo ilikuwa hiari yake yote.

Wajerumani walipofika hawakuwa na haja ya kuchungulia kumbini. Walichotaka ni kodi na utulivu. Hofu yao ya dini ilianza walipoiona dini inatembea kutoka kijiji hadi kijiji bila kupita bomani. Ilikuwa hivyo mwaka 1905, maji ya dawa yalipovuka mito na makabila. Agosti mwaka huo wapiganaji wa Maji Maji waliichoma misheni ya Masasi na wamisionari wakakimbilia Lindi. Nakaam wa Chitangali alibaki upande wa Wajerumani. Vita ilipozimwa kwa bunduki na njaa, dola ilikuwa imejifunza somo moja tu, nalo ni kuwaogopa waganga.

Miaka mitatu baadaye hofu hiyo iliwaangukia Waislamu. Katikati ya mwaka 1908 ilionekana Lindi barua iliyosemekana imetoka Makka, ikiwahimiza waumini watubu, washike sala na wajitenge na makafiri kwa kuwa mwisho umekaribia. Ilinakiliwa kwa mkono, ikasomwa misikitini, ikapanda bara na wasafiri. Barua za namna hiyo zimezunguka dunia ya Kiislamu mara nyingi, na hata leo utaletewa moja kwa simu ikikutaka uwapelekee watu kumi. Lakini maofisa wa Lindi walikuwa bado wananusa moshi wa Maji Maji. Watu walikamatwa, walimu wakahojiwa, na ripoti ndefu zikaandikwa kwenda Dar es Salaam na Berlin. Hakuna aliyeshika silaha kwa ajili ya barua ile. Kosa lilikuwa kusikilizwa na watu wengi.

Uislamu ulipanda uwanda kwa kasi zaidi baada ya Maji Maji, na sehemu ya kasi hiyo ilipitia kumbini. Neno "jando" lenyewe lilitoka pwani. Kwa Wayao wengi desturi ya zamani ya lupanda iligeuka jando la Kiislamu pole kwa pole: ngariba akawa mwalimu, dua ikakaa palipokaa majina ya mababu, na mvulana aliyeingia bila dini akatoka na jina la Abdallah. Mapadri waliona hesabu hiyo vizuri sana. Kanisa lililoendelea kusema "usiende jandoni" lilikuwa linawakabidhi vijana wake kwa jirani.

Hapa ndipo anapoingia Vincent Lucas, ambaye jina lake ndilo lililobaki vitabuni. Alikuwa padri wa Masasi katika miaka ya kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na dayosisi ya Masasi ilipoanzishwa mwaka 1926 ndiye aliyekuwa askofu wake wa kwanza, mpaka 1944. Wakati wake Kanisa lilianza kuendesha jando lake lenyewe. Kambi ilijengwa porini kama zamani, wavulana wakakaa humo majuma, wakatahiriwa, wakafundishwa. Lakini padri aliibariki kambi, msalaba ukasimama mahali pa mti, sala zikasaliwa asubuhi na jioni, na nyimbo zilizohesabiwa kuwa chafu zikaachwa nje. Siku ya kutoka, wari walioga, wakavaa nguo mpya, wakaongozwa kwa shangwe mpaka kanisani.

Tulitazame jambo moja kwa karibu, lile la unga. Kanisa lisingeweza kuruhusu mbepesi, kwa kuwa mbepesi huwaomba mababu. Lakini UMCA walikuwa Waanglikana wa upande wa Kikatoliki: walifukiza ubani, waliungama, na waliwaombea marehemu. Kwa hiyo palikuwa na mlango mwembamba. Majina ya wafu yangeweza kutajwa, ila kwa kuwaombea. Mzee aliyesimama pale, akisikia jina la mjomba wake likitajwa siku ya jando la mpwa wake, aliielewa sarufi ya sala ile kwa namna yake mwenyewe, na sidhani kama padri alimuuliza sana.

Kwa muda mrefu wanahistoria waliisimulia habari hii kama ubunifu wa Lucas. Mwenyewe aliiandikia Uingereza, hasa katika insha ya mwaka 1928 kuhusu jinsi Mkristo anavyopaswa kuzikabili mila zisizo za Kikristo, na sifa zikamwendea. Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, alipoichunguza Masasi alionyesha kwamba mambo hayakuwa mepesi kama Lucas alivyoyaandika. Baadaye, mwaka 2008, Anne Marie Stoner-Eby aliirudisha sifa kwa wenyewe: mapadri Waafrika wa Masasi ndio waliolifikiria na kulijenga jando la Kikristo. Na hilo ndilo linaloingia akilini. Ni nani aliyejua wimbo upi ni matusi na upi ni fumbo tu? Ni nani aliyeweza kukaa na wakulungwa, wakubwa wa vijiji, usiku kucha akawashawishi? Lucas alikuwa na mamlaka ya kusema ndiyo. Waliojua ndiyo hiyo iwekwe kwenye nini walikuwa wengine.

Upande wa wasichana haukwenda hivyo. Kanisa liliweka mafunzo yake, yaliyoitwa malango, yachukue nafasi ya unyago wa kienyeji, lakini hayakushika kama jando. Askofu angeweza kuingia kambi ya wavulana. Unyago wa wasichana mwanamume hauoni, awe na kofia ya kiaskofu au asiwe nayo, na makungwi hawakuwa tayari kumpa mgeni funguo za nyumba yao. Wengine waliwapeleka mabinti kwenye malango mchana kisha wakamalizia kazi yao wenyewe. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba katika nchi iliyotawaliwa na sultani, Kaisari na Mfalme wa Uingereza, waliofanikiwa kuilinda siri yao kuliko wote walikuwa wanawake wazee wasio na cheo.

Sasa dola. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na mkataba wa udhamini wa mwaka 1922 ulikuwa na ibara ya 8, iliyoitaka serikali ihakikishe uhuru kamili wa dhamiri na wa ibada zote, ilimradi ziafikiane na utulivu wa umma na maadili. Ibara hiyo iliandikwa hasa kwa ajili ya wamisionari, ili Mfaransa na Mwitalia wasifukuzwe na Mwingereza. Lakini yasome tena yale maneno ya mwisho. Utulivu na maadili ya nani? Mbepesi ilikuwa ibada. Je, ililindwa na mkataba huo? Sijui mzee yeyote wa Newala aliyewahi kuambiwa kwamba ana haki hiyo.

Ofisa wa wilaya aliyeletwa huku alikuwa na shida nyingine. Sera ya Waingereza ilikuwa kutawala kupitia machifu, na sheria ya mwaka 1926 iliwapa watawala wa kienyeji uwezo wa kutoa amri. Juu ya uwanda wa Makonde hapakuwa na chifu wa kupitia. Kila kijiji kilikuwa na mkulungwa wake, na mkulungwa wa kijiji cha pili hakumtambua. Serikali ikabaki inateua maliwali, watu wenye barua ya boma mkononi lakini wasio na mti wa tambiko. Liwali aliweza kukusanya kodi. Kuruhusu jando likawa jando, hapana. Hivyo kwa miaka mingi kulikuwa na vibali vitatu katika nchi moja: cha mkulungwa, cha mwalimu wa Kiislamu na cha padri. Wajukuu wa bibi mmoja walitoka makumbi matatu.

Mwaka 1930 ilikuja Kanuni ya Adhabu. Ndani yake mlikuwa na sura ya makosa dhidi ya dini, na kifungu cha 129 kilimfanya mkosaji yeyote anayetamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Kilikuwa kimesafiri kutoka India, ambako Waingereza walikitunga mwaka 1860 kuwatenganisha Wahindu na Waislamu. Tutakutana nacho tena Morogoro.

Lulindi ilikuwa moja ya vituo vya UMCA, na mwaka 1935 alifika hapo daktari kijana wa upasuaji kutoka Uingereza, Leader Stirling. Alifanya kazi kwenye majengo ya miti na nyasi kwa miaka kumi na minne. Kisha, mwaka 1949, akahamia Mnero kufanya kazi na Wabenedikti, kwa sababu alikuwa ameamua kuwa Mkatoliki. Hakuna askari aliyemzuia. Aliendelea kutibu watu walewale, umbali wa siku chache kwa miguu. Mwaka 1958 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, akawa raia wa Tanzania, na kutoka 1975 mpaka 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Mwalimu Nyerere. Haki ya kubadili dini ukabaki na kazi yako na heshima yako ni haki kubwa. Msichana wa Lulindi wa miaka hiyo aliyetaka kukataa unyago hakuwa na Mnero ya kwenda.

Mwaka 1960 dayosisi ilimpata askofu mwingine mwenye jina, Trevor Huddleston, aliyekuja akiwa na majeraha ya Afrika Kusini. Johannesburg alikuwa amepigana na sheria ya elimu ya makaburu ya mwaka 1953, iliyotaka shule za makanisa ziwe chini ya serikali ya ubaguzi, na jumuiya yake ya kitawa ilichagua kuifunga shule yake ya Rosettenville kuliko kuikabidhi. Hapa Masasi, mpaka alipoondoka 1968, alikuwa rafiki wa Nyerere na muungaji mkono wake. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya elimu iliyoziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, na Chidya, shule waliyoijenga mapadri wa Masasi, ikawa shule ya serikali. Dola inachukua shule za kanisa: Johannesburg hilo lilikuwa dhuluma, Masasi watu walipiga makofi. Tofauti ilikuwa katika shabaha. Kule mtoto wa Kiafrika alichukuliwa ili afundishwe kuwa mtumishi; huku ilitakiwa mtoto wa Kiislamu akae dawati moja na wa Kikristo. Bado, karatasi ya sheria haikuwa na neno lolote la kuwazuia watawala wa kesho wasibadili shabaha.

Neno hilo lilikosekana kwa makusudi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 serikali ya TANU ilikataa kuweka orodha ya haki za binadamu katika Katiba, kwa hoja kwamba mahakama zingeitumia kuwakwamisha watu waliokuwa na haraka ya kujenga nchi. Tume iliyoandaa mfumo wa chama kimoja ikarudia jibu hilohilo. Watu wa uwanda waliyaona matokeo kwa miguu yao. Mkoa wa Mtwara, uliopakana na vita ya Msumbiji, ulitangulia kuhamishiwa watu katika vijiji vya ujamaa, na familia zikaacha mahame yenye miembe, mikorosho na makaburi. Miti ya tambiko haikuhamishika. Kisha ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1978 iliyomlazimisha kila mtoto kuwa shuleni, na kalenda ya jando, iliyofuata mavuno na mwezi, ikaanza kufuata likizo ya Juni na ya Desemba. Mpaka leo viongozi wa mikoa ya kusini hurudia agizo la kusubiri likizo, na kibali cha ngoma hutolewa na ofisi ya serikali ya mahali. Karatasi yenye mhuri imekaa ulipokaa unga.

Orodha ya haki iliingia katika Katiba mwaka 1984, na kuanzia Machi 1988 raia akaweza kuidai mahakamani. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuamini, kuchagua dini na kuibadili. Ibara ya 30 inakuja baadaye na mkasi: haki zisitumiwe kuvunja haki za wengine, wala maslahi ya umma, wala usalama, wala maadili. Aliyeisoma ibara ya 8 ya mwaka 1922 ataitambua sauti hiyo.

Mkasi huo ulipimwa Morogoro. Mwaka 2000 Hamisi Rajabu Dibagula alikamatwa baada ya kutamka, katika mkutano wa mahubiri, kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mahakama ya Wilaya ilimtia hatiani kwa kifungu kilekile cha 129 na kumfunga miezi 18. Waislamu wa Dar es Salaam waliandamana. Mahakama Kuu ilimwachia kwa kupunguza adhabu, lakini ikaacha hatia palepale. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Barnabas Samatta akiwa kiongozi wa jopo, ikaifuta hatia yenyewe. Hoja yake ni ya akili ya kawaida: mtu kuisema imani yake mbele ya watu hakuthibitishi kwamba alikusudia kuwaumiza. Mtoto wa Lulindi ambaye shangazi yake yuko msikitini na mjomba wake yuko kanisani angeweza kuwaambia hivyo majaji bila gharama. Kule mtu husikia imani ya mwenzake kila siku kupitia ukuta wa udongo.

Hukumu ya pili inagusa kumbi moja kwa moja, ingawa haikutaja jando. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akisubiri 18, na kwa ruhusa ya mahakama hata 14 ilitosha. Unyago hauamuru mtu aolewe. Lakini binti anapotoka ndani, kwa watu wake ameshakuwa mwanamke, na sheria hiyo iliishi vizuri sana na hesabu hiyo. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga sheria hiyo katika Mahakama Kuu mwaka 2016 akashinda. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, akitetea kwamba vifungu vile viliheshimu mila na dini za Watanzania. Hivyo serikali, ambayo kusini inawaamuru wazee wasubiri likizo, ilisimama mahakamani kama mtetezi wa wazee.

Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilitupilia mbali rufaa hiyo na kuibakiza amri kwamba vifungu hivyo virekebishwe ndani ya mwaka mmoja, umri uwe 18 kwa wote. Mwaka huo uliisha Oktoba 2020. Sheria ilikuwa haijabadilishwa.